Pikapu ya dizeli inagoma kuwaka asubuhi za baridi, naomba ushauri

Wakuu, hamjambo. Nina pikapu ya dizeli, huilaza nje hapa Uthiru. Tangu baridi ya Julai ianze, alfajiri haiwaki: stata inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi, kisha kimya. Jua likishapanda, inawaka mara moja. Fundi wa kwanza anasema ni betri, nami siamini, maana taa hazififii hata kidogo. Wa pili anashuku plagi za kupasha moto, anataka zibadilishwe zote nne. Kuna njia ya kuzipima kabla sijatoa pesa? Halafu nikifika Limuru kwenye ukungu, kioo cha mbele kinajaa mvuke kwa ndani. Kufungua dirisha nako ni kuganda. Nyinyi mnafanyaje? Tafadhali msiniambie niiuze.