Naomba ushauri: mwanafunzi wa darasa la saba anakosea MAGAZIJUTO

Habari walimu na wazazi. Kuna mwanafunzi wa darasa la saba anayejua jedwali la kuzidisha vizuri, lakini alama za Hisabati zinapotea sehemu mbili tu.

Ya kwanza ni MAGAZIJUTO, kifupisho cha mpangilio wa matendo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Swali la 20 − 8 + 5 anajibu 7 badala ya 17, kwa sababu anajumlisha 8 na 5 kwanza, eti JU imetangulia TO. Kifupisho chenyewe ndicho kinachomponza: kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unaanzia kushoto. Kibaya zaidi, kwenye maswali ya kuchagua, hiyo 7 mara nyingi imo, hivyo hashtuki.

Ya pili ni kujumlisha sehemu: 1/2 + 1/3 anaandika 2/5 badala ya 5/6. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 anaitaja bila shida, ni 6, ila haitumii.

Mpango uliopo: dakika 30 kila jioni, maswali 10, kila kosa linaandikwa upya pamoja na sababu yake. Mitihani ya miaka iliyopita kwa saa ni Jumamosi tu.

Je, kifupisho kiachwe kabisa, au afundishwe kuzungushia duara − 8 na + 5 pamoja na alama zake? Na sehemu, vipande vya karatasi vinasaidia kwa umri huu?