Mwanagenzi anayesema "nimeelewa" ilhali hajaelewa

Mhasibu: Ndugu zangu, idarani kwetu tumepokea wanagenzi wawili. Mmoja huandika kila anachoelekezwa na huuliza kabla ya kugusa vitabu vya hesabu. Mwenzake huitikia "nimeelewa", kisha nakuta risiti ileile imeingizwa mara mbili, naye yuko kwenye simu. Je, nikiarifu chuo chake, au nimvumilie hadi muda wake uishe?

Afisa Utumishi: Kabla ya kuandika lolote, mkalishe chini, umwoneshe risiti iliyokosewa na umtake airudie mbele yako akieleza kila hatua, kwa maana wengi hudai wameelewa kwa kuogopa kuonekana wajinga, hasa anayewaelekeza anapokuwa na haraka. Simu ni jambo jingine. Hilo mwambie waziwazi.

Msimamizi: Naunga mkono, ila yule mzuri naye asisahauliwe. Nimeona mara nyingi mwanagenzi hodari akirundikiwa kazi za wote, huku mzembe akiachwa akae bure, na mwishowe wote wawili wanaondoka bila kujifunza walichokuja kujifunza. Jambo hili hunisikitisha sana.

Mhasibu: Asanteni. Nitaketi naye kesho asubuhi. Akiendelea vilevile, daftari lake la mafunzo nilijaze vipi?

Afisa Utumishi: Andika ukweli, ukitaja tarehe na kosa lenyewe badala ya kumwita mvivu, na umsomee ulichoandika kabla ya kutia sahihi.