Wakuu naombeni ushauri, nimeokota leja ya zamani ya kiwanda cha pamba

Mleta mada: Habari wakuu. Niko Massachusetts, kazi yangu kusafisha majengo ya zamani kabla mafundi hawajaingia. Juzi tulikuwa Lowell, jengo walilokuwa wanalala mabinti wa viwanda vya pamba, chini ya mbao za sakafu nikakuta leja, ngozi imeliwa na panya ila ndani inasomeka, kila binti na mstari wake, siku alizofanya kazi, hela ya bweni imekatwa, mwisho sahihi, wengine wameweka X tu. Toka siku hiyo silali. Niipeleke wapi?

Mtoto wa Ubungo: Umenikumbusha mshua, alianza kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki ile 1968 kinafunguliwa, kadi zake zote bi mkubwa aliwashia mkaa.

Bint Forodhani: Kaka usiiuze! Merikani, kile kitambaa cha pamba walichovaa mababu zetu, kilifumwa viwanda vya hukohuko, meli za Salem zinashusha vitambaa Unguja zinaondoka na pembe na sandarusi. Mkataba wa Marekani na Seyyid Said wa 1833 huo.

Kibuyu: Mwenye jengo anajua?

Mleta mada: Alisema vyote vitupwe. Sasa takataka ina mwenyewe?

Kibuyu: Nimeuliza anajua au hajui.

Mleta mada: Hajui. Na kuna jamaa wa vitu vya kale kashanipa dola 200 za kuanzia. Nina ada ya mdogo wangu, msinihukumu.

Mama Ushauri: Baba, riziki ya kuficha haikai. Maktaba ya Baker pale Harvard wanatunza vitabu vya mishahara vya kampuni ya Hamilton ya hapohapo Lowell, si uwapigie tu? Mimi mwenyewe niliwahi kuokota simu kwenye daladala, nikairudisha, mwenyewe hata asante hakusema.

Kibuyu: Leja ya mwaka gani?

Mleta mada: 1819.

Kibuyu: CHAI hii. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha pamba Lowell kimewashwa 1823, kabla ya hapo ni mashamba ya Chelmsford. Nani kaja na vitumbua?

Bint Forodhani: Na mimi nilivyolia hapa 😂

Mleta mada: Ni 1849 jamani, wino wa ile 4 umefifia kabaki mgongo tu. Picha hiyo hapo, ikuzeni.

Kibuyu: Haya, 4 nimeiona. Mbona katikati kurasa zimekatwa na wembe, tena mkato bado mweupe?

Mleta mada: Tano tu. Jamaa alitaka za kuonyesha wateja.

Mtoto wa Ubungo: Bora bi mkubwa, yeye alipikia ugali.