Mama anafanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo, daktari kasema figo zinaweza kuumia. Inakuwaje?

Binti wa Newala
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari miaka mingi na presha juu, sasa valvu ya moyo, yaani kile kimlango cha kupitisha damu, imeharibika anachoka hata kutoka chumbani kwenda uani, jioni miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Rufaa tumepewa hospitali ya Ligula Mtwara, tunaenda Dar JKCI, ile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mwezi ujao, hela ya korosho imeingia tunashukuru Mungu. Shida yangu ni daktari aliposema baada ya upasuaji figo zinaweza kupata hitilafu, mama kalishika hilo neno anasema bora afe na moyo wake kuliko kuishi na mashine ya kusafisha damu. Jamani kinachopasuliwa ni moyo, figo zinaingiaje? Na nani yuko kwenye hatari zaidi?

Nesi Kusini
Pole mdogo wangu, na mpe mama pole. Figo mbili zile zinapokea kama robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, kwa hiyo moyo ukiyumba zenyewe zinaumia mapema. Kwenye valvu mara nyingi moyo unasimamishwa kabisa, damu inapita kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, sasa ile mashine haipigi mapigo kama moyo, presha inaweza kushuka, chembe nyekundu nyingine zinapasuka na uchafu wake unaenda kuchujwa na figo hizohizo. Muda kwenye mashine ukiwa mrefu hatari inapanda, ndio maana anayebadilishiwa valvu na kupandikiziwa mishipa siku moja, au anayepasuliwa kwa dharura, au aliyewahi kupasuliwa kifua zamani, huyo wanamwangalia zaidi.

Upande wa mgonjwa mwenyewe kubwa kuliko yote ni figo ambazo tayari zimechoka kabla hajaingia tiata. Halafu kisukari, presha, umri, moyo unaosukuma kwa udhaifu, na upungufu wa damu, hili la damu watu wanalipuuza sana na linaweza kurekebishwa mapema. Mama ana kadhaa hapo sikufichi. Ila mwambie hivi: katika kila wagonjwa 100 wa upasuaji wa moyo, kama 20 mpaka 30 figo zinatikisika, wengi ni kidogo na zinarudi, wanaofika kwenye dayalisisi, yaani hiyo mashine ya kusafisha damu, ni wachache, na wapo kati yao wanaofanyiwa siku chache tu figo zikaamka.

Mzee wa Mikindani
Mimi nilimuuguza kaka yangu, alipasuliwa moyo huko Dar. Usiku wa kwanza nesi alikuwa anainama kila saa kusoma ule mfuko wa mkojo unaoning'inia kitandani anaandika, mimi najua anakagua usafi kumbe anahesabu. Siku ya pili mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Ndio tukaulizwa dawa gani alikuwa anatumia nyumbani, ikabidi niseme ukweli, alikuwa anameza daiklofena kila siku kwa ajili ya magoti, ananunua mwenyewe duka la dawa, na hakumwambia mtu. Zilirudi figo baada ya wiki mbili hivi ila zile wiki mbili sitaki kuzikumbuka. Binti, fungua begi la mama uangalie.

Nesi Kusini
Mzee shikamoo, umesema jambo kubwa. Daiklofena, ibuprofeni, sindano za jentamaisini za kuua bakteria, na mitishamba ya kuchemsha, vyote vinaweza kuumiza figo. Hata ile dawa ya rangi wanayochoma kupiga picha mishipa ya moyo, kama atapigwa muulize daktari zitapita siku ngapi ndio apasuliwe. Dawa za presha na kisukari asiache kwa kuambiwa na sisi huku, zipo zinazosimamishwa siku moja mbili kabla ila anayepanga ni daktari wake. Kuhusu mkojo, mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, masaa sita mfululizo, yaani jumla kama nusu chupa ya soda, hapo tayari tunaita figo zimeumia.

Binti wa Newala
Asanteni sana. Nimefungua begi sasa hivi, nimekuta karatasi mbili za daiklofena na chupa ya mizizi, anasema ya mgongo. Kavitoa mwenyewe baada ya kumsomea habari ya yule kaka wa Mzee wa Mikindani. Nimeona pia karatasi ya majibu ya damu ya mwezi wa nne, kriatinini, ule uchafu wa damu unaochujwa na figo, ni 118. Ni nyingi?

Nesi Kusini
Kwa mama wa umri huo iko juu, kawaida ya wanawake haizidi sana 90. Msingoje mwezi ujao, kesho kutwa mpeleke apime upya kriatinini, mkojo na wingi wa damu, halafu Dar nenda na majibu yote mawili, ya mwezi wa nne na hayo mapya, na ile chupa ya mizizi ibebe ukawaonyeshe.