Tupeane uzoefu: maumivu ya nyonga na kibofu yasiyoisha, na maabara inasema hakuna mdudu

Mwenye mada

Wadau wa Nairobi, salamu. Naomba tukusanye hapa tunayoyajua kuhusu maumivu ya nyonga na kibofu yanayokaa miezi na miaka: kubanwa na mkojo kila nusu saa, kuchomwa chini ya kitovu, kinena kuvuta, halafu vipimo vinarudi safi. Tuandike hatua, kiasi, muda, na pale watu wanapokosea. Habari za maisha yetu si lazima. Anayesoma saa nane usiku ameinama kwa maumivu anataka kujua afanye nini.

Naanza na moja. Mkojo unachoma, mtu anaingia duka la dawa, anapewa antibiotiki ya siku 3 au 5, anapata nafuu kidogo, wiki mbili baadaye amerudi. Ukifika mara ya tatu na mkojo haujawahi kuoteshwa maabara, simama hapo. Maumivu ya kibofu yaliyozidi wiki 6 bila maambukizi ni ugonjwa wenye jina lake, ugonjwa wa maumivu ya kibofu, na antibiotiki haziutibu. Ile nafuu ya siku mbili tatu mara nyingi huletwa na maji mengi uliyokunywa, na dawa ya maumivu uliyopewa pamoja nazo, au maumivu yalikuwa yanashuka yenyewe.

Maabara_Umoja

Naongezea hapo, ndugu. Wengi hupimwa kwa kijiti na darubini pekee. Karatasi ikiandikwa seli za usaha 4 hadi 6, wanatoka na dawa. Omba mkojo uoteshwe, na uombe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa sababu hata dozi chache huficha wadudu.

Kuuchukua: nawa mikono. Mwanamke atenganishe midomo ya uke, ajifute kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma. Mkojo wa kwanza uende chooni, uhesabu moja mpaka tatu, kisha uingize kikopo bila kuukata mkojo. Mililita 20 zinatosha. Usiguse ndani ya kikopo wala ndani ya kifuniko.

Kifike maabara ndani ya saa 2. Isipowezekana, kikae kwenye friji, kisizidi saa 24. Kikopo kilichokaa ndani ya mkoba kutoka Ruiru mpaka mjini, foleni imesimama na jua linawaka, hukuza wadudu wachache wa ngozi mpaka wakaonekana jeshi zima.

Ukisoma majibu: aina moja ya bakteria, 100,000 au zaidi kwa mililita, na dalili unazo, hayo ni maambukizi. Hesabu ya chini zaidi nayo inaweza kuwa na maana kwa mwanamke mwenye dalili, kwa hiyo daktari aione. Aina tatu zilizochanganyika pamoja na seli nyingi za ngozi maana yake mkojo ulichafuka ukichukuliwa. Rudia kipimo, usimeze dawa yoyote kwanza.

Usaha upo lakini hakuna kinachoota, tena mara mbili? Hapo pasiachwe. Tafuta klamidia (ugonjwa wa zinaa), mawe, na kifua kikuu cha njia ya mkojo. Kwa kifua kikuu hupelekwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, siku 3 mfululizo. Na mliokulia Kwale, Kilifi au Tana River mkiogelea mitoni na mabwawani, mtajieni daktari kichocho. Mkojo wake uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yale matone ya mwisho yakiwemo, maana mayai hutoka zaidi muda huo.

Nyawira_K

Asante sana. Naomba kuuliza, kuna dalili ambazo mtu asingoje hata siku moja?

Maabara_Umoja

Dada, zipo. Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu. Mkojo kukataa kabisa na tumbo la chini kujaa. Ganzi katikati ya mapaja au choo kutoka bila kujua. Korodani moja kuuma ghafla: una saa chache tu za kuiokoa, usilale nayo. Damu kwenye mkojo, hata isipouma, hata ikitoka mara moja tu, ichunguzwe. Mjamzito naye asijitibu nyumbani.

Fizio_Ngara

Kibofu kinakaa juu ya misuli, na wengi wanaolalamikia kibofu wanaumizwa pia na misuli hiyo. Sakafu ya nyonga imetandazwa kama machela, kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma. Anayeishi akibana mkojo unaochoma hukaza misuli hiyo kutwa nzima bila kujua. Misuli iliyokaza inauma yenyewe, na inafanya kibofu kilie kimejaa kikiwa na mililita 80 tu.

Ndiyo maana zoezi linalosifiwa kila mahali, la kubana kama unayekata mkojo, huwazidishia wengi maumivu. Hilo ni la misuli iliyolegea. Iliyokaza hufundishwa kuachia kwanza.

Fanya hivi. Chukua taulo ndogo ya uso, ikunje iwe kama chapati iliyoviringishwa, uiweke kwenye kiti kigumu ikielekea mbele na nyuma. Ikalie, iguse pale kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Nyayo chini, magoti yameachana. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, tumbo litoke, na usikilize taulo: utahisi sehemu ile inashuka na kuigandamiza kidogo. Toa pumzi ukihesabu 6, bila kubana chochote. Dakika 5, asubuhi na jioni. Siku za mwanzo wengi hawahisi kitu. Hilo lisikukatishe tamaa, ni dalili kwamba misuli imesahau kushuka.

Makosa ninayoyaona ni matatu. Kusukuma kama unayejisaidia choo, wakati kinachotakiwa ni kuacha tu. Kuvuta tumbo ndani ili lionekane dogo, ambako hukaza sakafu nzima. Na kuacha baada ya wiki moja, ilhali misuli hii huhitaji wiki 6 hadi 12 kubadilika.

Ongeza minyoosho miwili ya dakika 2 kila mmoja: kupiga magoti na kuinama mbele, makalio yakikaribia visigino na magoti yameachana, na kulala chali ukivuta magoti yote mawili kuelekea makwapa. Kama mnyoosho unaamsha maumivu yanayodumu mpaka kesho yake, ulivuta sana. Punguza nusu.

Kuhusu vyoo. Kuning'inia juu ya bakuli bila kukalia, kama wengi wanavyofanya kwenye vyoo vya mjini, kunaiweka misuli kazini wakati inapotakiwa kuachia. Mkojo unabaki, unabanwa tena baada ya dakika kumi. Futa kiti, tandika karatasi, kaa. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri zaidi mradi nyayo zote zimekanyaga chini. Usisukume mkojo. Na haja kubwa nayo isikwame, kwa sababu kinyesi kilichojaa kinakandamiza kibofu. Nyumbani weka kigoda cha kimo cha sentimita 20 hivi chini ya miguu ukikalia choo.

Matibabu ya mikono yapo pia: mtaalamu hutafuta mafundo ndani ya misuli, kwa kidole, kupitia uke au njia ya haja kubwa, na kuyakandamiza mpaka yaachie. Mwaka 2012 watafiti wa Amerika ya Kaskazini walichapisha matokeo ya wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu. Waliotibiwa hivyo, 59% walipata nafuu ya wazi. Waliokandwa mwili kwa kawaida, 26%. Kabla ya kulipa nauli ya kwenda popote, piga simu uulize swali moja: mnatibu misuli ya nyonga iliyokaza, ama mnafundisha kubana pekee? Una haki ya kuwa na mtu wako chumbani, na una haki ya kusema basi katikati ya matibabu.

Mama_Jikoni_SouthB

Chakula sasa. Vinavyochokoza kibofu zaidi ni kahawa, chai ya majani, soda, pombe, machungwa, ndimu, nanasi, nyanya, pilipili na vitamu bandia. Vidonge vya vitamini C pia, hata vile vya kuyeyusha kwenye maji ambavyo watu hunywa wakidhani vinasaidia. Si kila mtu huchokozwa na vyote, kwa hiyo usijinyime maisha yako yote. Ondoa vyote kwa wiki 3, kisha rudisha kimoja kila baada ya siku 3, kiasi cha kawaida, uandike kilichotokea.

Kahawa na chai zisikatwe siku moja, kichwa kitapasuka. Punguza nusu kikombe kila baada ya siku 2. Tatizo letu kubwa ni nyanya, kwani hapa mboga bila nyanya huonekana haijapikwa. Kaanga kitunguu polepole mpaka kiwe cha dhahabu, kwaruza karoti mbili ndani, funika na maji kidogo ziive ziwe rojo, malizia na dania. Mchuzi unapata uzito na rangi. Githeri, viazi, mayai, kuku, wali, ugali, tango na peasi huvumiliwa na wengi. Uji usiwe wa kuchachusha, wala usitiwe ndimu.

Maji msiyapunguze. Mkojo mzito, wa rangi ya chai, unachoma zaidi. Lita moja na nusu hadi 2 kwa siku, glasi kwa glasi, na upunguze saa 2 au 3 kabla ya kulala. Na akina dada, ndani ya uke hakuoshwi kwa sabuni wala kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu. Maji matupu, nje tu.

Duka_la_Dawa

Amitriptilini. Mkiandikiwa msishtuke kusoma kwamba ni dawa ya huzuni. Kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu. Huanzwa miligramu 10 usiku, ikapandishwa kwa 10 kila wiki moja au mbili kadiri daktari anavyoona. Imeze saa 2 kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utaamka mzito. Hukausha mdomo na kufunga choo, na kufunga choo ndiko Fizio ametuonya. Wenye matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya macho au mkojo unaotoka kwa shida waseme kwanza. Usiichanganye na tramado (dawa ya maumivu makali) bila daktari kujua, na usiiache ghafla.

Dawa inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa hutuliza mchomo tu, haiui mdudu, na si ya kumezwa wiki nzima. Kinachonisikitisha ni antibiotiki ya siprofloksasini inayouzwa kama peremende. Inaweza kuumiza kano mpaka zikakatika, hasa ile ya kisigino.

Ikiwa vidonge havitoshi, wapo madaktari wa mkojo wanaoweka dawa ndani ya kibofu kwa mpira mwembamba. Mchanganyiko mmoja unaojulikana ni heparini yuniti 40,000, lignokeini (dawa ya ganzi) ya 2% mililita 8, na bikaboneti ya 8.4% mililita 3. Bikaboneti ndiyo inayoiwezesha lignokeini kupenya ukuta wa kibofu. Ikisahauliwa, ganzi haishiki. Hiyo ni kazi ya kliniki. Daktari akitazama ndani kwa kamera na kukuta vidonda vya Hunner (vidonda vyekundu kwenye ukuta wa kibofu), kuvichoma huleta nafuu kubwa, kwa hiyo wenye maumivu makali kibofu kikijaa waulize kuhusu kamera mapema.

Stage_Githurai

Na sisi wanaume? Kila mtu anasema ni tezi dume.

Fizio_Ngara

Ndugu yangu, wanaume wanaoambiwa tezi imevimba, zaidi ya 9 kati ya 10 hawana bakteria humo. Maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kwenye ncha ya uume, au baada ya kumwaga, yakidumu miezi 3, mara nyingi ni misuli ileile. Zoezi la taulo ni lilelile. Madereva na wa bodaboda washuke wasimame kila dakika 40. Daktari anaweza kujaribu tamsulosini miligramu 0.4 kama mkojo unatoka kwa kusitasita. Inywe baada ya chakula kilekile kila siku, na uinuke polepole, inaleta kizunguzungu.

Nyawira_K

Swali la mwisho. Safari ya matatu ya saa moja na nusu inawezekana vipi mtu akibanwa kila dakika 30?

Fizio_Ngara

Kwanza pima, dada. Kata mdomo wa chupa ya maji ya lita moja. Nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Mimina mara 5, piga mstari wa 100 kwa kalamu isiyofutika, endelea mpaka 500. Siku 3 andika saa, kiasi, na maumivu kutoka 0 mpaka 10. Kama mchana unatoa 100 lakini wa kwanza wa asubuhi ni 350, kibofu kinaweza kubeba. Kinachokurudisha chooni ni misuli na mazoea. Kama ni 100 usiku na mchana na maumivu hupanda kikijaa, peleka karatasi hiyo kwa daktari. Jumla ya saa 24 ikipita lita 3, pima sukari.

Halafu chukua muda wako wa sasa kati ya safari mbili za chooni, ongeza dakika 15, ukae hapo wiki nzima. Hamu ikija kabla ya wakati usikimbie, kukimbia huikaza misuli. Kaa, achia tumbo, inua visigino na kuvishusha mara 20, pumua kama kwenye taulo. Hamu hupanda ikashuka ndani ya dakika moja au mbili. Ikiambatana na maumivu zaidi ya 5, nenda chooni, na wiki ijayo ongeza dakika 5 badala ya 15. Siku za maumivu makali usifanye zoezi hili kabisa: chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, dakika 20 juu ya kinena, na urudi kwenye ratiba yakipoa.

Kwenye matatu, kaa kiti cha kando ya njia, usikojoe "kwa tahadhari" zaidi ya mara moja kabla ya kupanda, na usingoje mpaka ufike nyumbani ndipo ufungue kifungo cha suruali kinachobana tumbo. Kifungue ukikaa.