Titresheni: vipimo vya wasichana havikubaliani

Mwalimu wa Kemia:
Walimu wenzangu, idara yetu katika sekondari ya wasichana ya Kikatoliki inaandaa mtihani wa vitendo. Kwenye titresheni (kupima asidi inayotosha kumaliza alkali), meza moja, kwa asidi ileile, bureti (mirija yenye koki ya kupimia asidi) zinatoa sm³ 24.10, 25.30 na 24.70. Tuanzie wapi?

Sista, idara ya sayansi:
Mwalimu, anza na usuuzaji. Hapo ndipo wengi hukosea. Bureti isuuzwe kwa asidi itakayojazwa, pipeti (mrija wa kuchotea kiasi kamili cha alkali) kwa alkali yenyewe, lakini chupa ya koni kwa maji yaliyokenekwa tu. Ukiisuuza kwa alkali, chembe zinazobaki zinaongezeka juu ya zile 25.0 sm³ za pipeti, na kipimo kinapanda. Faneli itolewe kabla ya kusoma, maana tone lililoning'inia huanguka baadaye. Na kiputo cha hewa chini ya koki kikitoka katikati ya kazi, usomaji wote umeharibika.

Mtunza maabara:
Nakubaliana na Sista. Naongeza: pipeti isipulizwe; ncha iguse ukuta wa chupa, tone la mwisho libaki ndani. Fenolfthalini (kiashirio kinachobadilika rangi) matone 2 yatosha. Rangi ya waridi ikianza kufifia, tone mojamoja.

Hidroksidi ya sodiamu (gramu 4.0 kwa lita 1 hutoa 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita) hufyonza kabonidayoksaidi hewani, kwa hiyo itengenezwe karibu na siku ya mtihani, ifunikwe vizuri.

Mwalimu wa Kemia:
Asanteni sana. Sista, kipimo cha majaribio, kile cha kwanza cha kukadiria, kiingie kwenye wastani?

Sista, idara ya sayansi:
Hapana. Chukueni viwili vinavyotofautiana kwa 0.10 sm³ au chini.