Mjadala: Mfamasia ashuke urjansi, au abaki dirishani?

Mfamasia, Goma (aliyeanzisha mjadala)

Wapendwa, naweka swali hili mezani, kila mtu achangie bila kuogopa cheo cha mwenzake. Katika hospitali nyingi za hapa Goma, mfamasia hukaa nyuma ya dirisha. Anapokea karatasi ya dawa, anahesabu vidonge, anaandika kwenye rejista, jioni anafunga na kwenda nyumbani. Urjansi, yaani idara ya dharura, haifungi. Mimi nasema atolewe dirishani, apangiwe zamu urjansi usiku na mchana, kama muuguzi na daktari.

Marekani kazi hii si ngeni. Mwaka 2011 chama chao cha wafamasia wa hospitali, ASHP, kilitoa mwongozo wake: mfamasia awepo mgonjwa anapofufuliwa, apime dozi, atayarishe dawa, aseme mapema kipi hakichanganywi na kipi. Najua mtaniambia hapa si Marekani. Basi tuiache Marekani, tuchukue dawa tunayoishika kila siku: artesunati ya sindano, ya malaria kali.

Kichupa cha miligramu 60 ni unga mtupu. Unatia kwanza mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo kwenye boksi, unatikisa mpaka unga uyeyuke wote. Kuanzia hapo njia zinagawanyika. Ukitaka kuchoma mshipani unaongeza mililita 5 za seramu ya chumvi, yale maji ya dripu, ukitaka msulini unaongeza 2 tu. Ya kwanza ina miligramu 10 katika kila mililita, ya pili ina 20. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 36: mililita 3.6 za mshipani, au 1.8 za msulini. Sasa mmoja amechanganya, ameitwa kwa mgonjwa mwingine, ameacha sirinji kwenye sinia bila kuandika kitu. Mwenzake anaichukua. Mtoto huyo anaweza kupata nusu ya dozi au dozi mbili kwa pamoja, na hakuna atakayejua, kwa sababu kwa macho dawa ni ileile.

Muuguzi, zamu ya usiku

Mkubwa, heshima yako. Lakini hesabu uliyoandika hapo naijua kwa kichwa. Artesunati nimeichoma kuliko ulivyoihesabu. Shida ya usiku si hesabu, ni mikono. Mmoja anavuja damu, mwingine anatetemeka kwa homa, wa tatu ameletwa na motari, dereva wa pikipiki, aliyemgonga na ndugu zake wanataka kumpiga huyo motari palepale mlangoni. Sisi tuko wawili. Kama hospitali imepata mshahara wa mtu mmoja wa kuongeza, ituletee muuguzi. Mfamasia hafungi kidonda, hatafuti mshipa, hambebi mtu.

Na nitasema lingine ambalo wenzangu wanaogopa kuliandika. Tukiona mfamasia urjansi, kitu cha kwanza tunachofikiri ni kwamba uongozi umemtuma aje kuhesabu ampuli, vile vichupa vya sindano, tulizotumia.

Mama wa Majengo

Mie siko mutu wa hospitali. Nyinyi munabishana nani achanganye dawa, siye tunatafuta kwanza hiyo dawa yenyewe. Dada yangu alifika urjansi usiku, bakatupa karatasi, bakasema mukatafute inje. Farmasi zote zilishafunga. Nikapanda pikipiki mpaka Birere, mutu mumoja akanifungulia mulango wa nyuma, akanipa, nikalipa dola. Sikujua hata kama ni yenyewe ao ni ya bongo, ya uongo. Nikarudi mbio, muuguzi akaangalia kidogo, akachoma. Sasa huyo mufamasia wenu akikaa pale, iyo dawa itakuwepo? Munijibu hilo kwanza.

Mfamasia, Goma

Mama, asante. Swali lako ni gumu kuliko la muuguzi. Mfamasia hatengenezi dawa kwa mikono yake. Ghala likiporwa, kama lilivyoporwa ghala la Msalaba Mwekundu wa Kimataifa hapa mjini wakati wa vita vya Januari 2025, hata tukiwa kumi hatutachota seramu kwenye mawe ya volkano. Ninachoweza ni kujua saa kumi jioni kwamba diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, imebaki ampuli tatu, na kupiga simu ASRAMES, ghala la dawa muhimu la hapa, au hospitali jirani kabla giza halijaingia, ili wewe usipande pikipiki usiku.

Lakini nirudie maneno yako: “akaangalia kidogo, akachoma.” Hilo linanitisha kuliko giza la Birere. Jirani zetu wa jimbo la Ituri, kati ya mwisho wa 2014 na Agosti 2015, walipokea vituoni zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto wadogo, shingo zimepinda, uso umekakamaa, ulimi unatoka. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vilipofanywa ikaonekana ni haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Vidonge walivyomeza vilikuwa vimeandikwa diazepamu. Watu 11 walikufa. Dawa ya bandia haikai rafuni tu, inaingia urjansi ndani ya tumbo la mgonjwa, na lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: amemeza nini, boksi liko wapi, nionyesheni.

Daktari, Bukavu

Ndugu mfamasia, tusijipe sifa zisizo zetu. Ya Ituri ilifichuliwa na maabara, haikufichuliwa na mtu aliyesimama kando ya kitanda. Kuuliza mgonjwa amemeza nini ni kazi yangu, na nisipoiuliza mimi ni daktari mbaya, sihitaji mtu wa kuniulizia.

Swali langu ni la madaraka. Nimeandika dozi, wewe unasema ipunguzwe, mgonjwa anakata roho tukiwa bado tunabishana. Anayesaini ni nani? Familia ikija na polisi, wanamkamata nani? Mpaka hilo liandikwe kwenye kanuni za hospitali, mfamasia wa urjansi atakuwa mshauri asiyebeba mzigo.

Hata hivyo nakupa nusu ya hoja, tena kubwa. Seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano. Nimeiona kwa macho yangu ikipitishwa kwenye mrija uleule unaoteremsha Ringa, na Ringa ni seramu yenye kalsiamu. Vikikutana vinaweza kufanya chembechembe ndani ya damu, na kwa mtoto mchanga hilo linaua. Wote tulilisoma chuoni. Saa tisa usiku, mtu ambaye hajalala tangu juzi, utamlaumu vipi akisahau? Na siku ya majeruhi wengi, kama ile Januari Goma ilipojaa watu wa risasi, hapo sibishani kabisa. Mtu mmoja ajaze sirinji za ketamini, dawa ya usingizi, kwa uzito wa kila mgonjwa, aandike, anipe. Mimi nibaki na kisu.

Mwanafunzi wa famasia, Lubumbashi

Samahani wakubwa zangu. Mnabishania kumhamisha mtu ambaye mara nyingi hayupo. Nimefanya stazhi, mazoezi ya kazi, mahali ambapo dirishani alikaa muuguzi mzee, karani akimsaidia. Mfamasia tulimwona siku ya ukaguzi. Wanaohitimu wanakimbilia kufungua farmasi mjini kwa sababu hospitali hailipi. Anzeni na hilo.

Mhasibu wa hospitali, Goma

Na atalipwa na nani? Fedha yetu nyingi inatoka mfukoni mwa mgonjwa, na wapo waliopona wasioweza kutoka kwa sababu ya fakturi, deni la hospitali. Mwaka 2025 benki zilipofungwa mjini tulilipana kwa mkono, tena nusunusu. Mkiongeza zamu tatu za mfamasia, bei ya fishi, karatasi ya kumwona daktari, inapanda. Mama wa Majengo ndiye atakayelipa huo mjadala wenu.

Mfamasia, Goma

Mhasibu ana haki, na kwa dokta nakubali: bila kanuni iliyoandikwa, sitagusa dozi yake. Atakayesaini abaki yeye, mimi nisaini nilichochanganya kwa mkono wangu.

Ila sikubali kwamba tusubiri pesa ya zamu tatu ndipo tuanze. Mfamasia aliyepo, pale alipo, ashuke urjansi kila jioni zamu zinapobadilishana. Kloridi ya potasiamu kali iondolewe kwenye rafu ya maji ya kuchanganyia, maana ampuli zinafanana na ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa moyo unasimama. Adrenalini iandikwe kwa kalamu nene, kwa sababu ampuli ileile ya miligramu 1 inamfufua aliyesimama moyo, na inaweza kumuua mwenye mzio ukiichoma yote mshipani badala ya nusu yake msulini. Sinia za artesunati ziwe mbili, ya mshipa na ya msuli, kila moja na lebo zake tayari. Dawa iliyoletwa na familia kutoka nje ipigwe picha, boksi na namba yake, kabla haijafunguliwa. Mfamasia aitazame kwenye simu hata akiwa nyumbani. Hayo yanahitaji karatasi, kalamu na saa moja.

Na kuhesabu ampuli, dada yangu muuguzi, ndiyo, nitazihesabu. Kisipohesabiwa ulichotumia leo, kesho hukuti kitu.

Muuguzi, zamu ya usiku

Lebo nazitaka. Sinia mbili nazitaka pia. Kuhusu kuhesabu tutaongea vizuri, tena mbele ya mkuu wa wauguzi. Lakini usije jioni tu na kaunda suti yako, ukabandika karatasi ukaondoka. Njoo Jumamosi usiku, pikipiki zinapogongana, ukae mpaka asubuhi, ndipo uniambie sinia iwekwe upande gani. Na ulete glavu zako, zetu zimeisha.